Kikiyeyuka, Kitupwe

Jumamosi, 4 Mei

Harusi ya binamu kesho! Shangazi kasafiri, duka la samaki wa mapambo ni langu mpaka Alhamisi. Raha iliyoje.

Mwalimu alipita asubuhi. Alinifundisha darasa la tano, siku hizi mimi ndiye ninayemfundisha — ha! Somo ni moja tu: Bwana Mkubwa, samaki wake mla nyama, miaka kumi na moja yuko kwenye tangi sebuleni. Leo nikamwaga sera. Samaki kama huyo halishwi kitu kimoja kila siku. Kamba leo, minofu kesho, minyoo kesho kutwa, ngisi mara mojamoja. Nyama ya ng'ombe aachane nayo, inamjaza mafuta. Vyote vya kugandishwa, maana barafu inapunguza vimelea. Akaandika yote kwenye daftari lake, kisha akasema, ahsante sana, Profesa. Mbele ya wateja! Kichwa kikavimba. Jumanne atakuja kuchukua chakula cha wiki mbili.

Gauni nimelipigia pasi hapahapa dukani. Soketi ya kaunta imekufa, nikachomoa friza mara moja. Limenyooka!

Jumatatu, 6 Mei

Mungu wangu.

Nimefungua duka, maji mpaka mlangoni. Waya wa friza umelala sakafuni, palepale nilipouacha Jumamosi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusuka. Kamba, minofu, ngisi, minyoo — vyote vimekuwa uji.

Mlangoni mwa friza pana karatasi ya Shangazi, herufi kubwa: KIKIYEYUKA, KITUPWE. Naipita kila siku. Leo nimeisoma mara tatu.

Halafu nikachomeka friza. Nikapiga deki. Nilinusa pakiti moja, haikunuka sana. Haikunuka *sana* — hivyo ndivyo nilivyojiambia, Profesa mzima!

Jumanne, 7 Mei

Vimeganda. Ila vile vijibonge vya kamba vimepoteza umbo, vimelalia upande mmoja wa pakiti. Asiyejua hawezi kujua.

Nilitaka kumwambia Mwalimu leo hakuna. Naapa nilitaka. Lakini kaingia na ile sauti yake, Profesa hajambo? Ningesema nini? Kwamba friza nililizima kwa ajili ya gauni? Nikampa kila aina, pakiti mbilimbili. Akainua moja kwenye mwanga. Mbona hizi zimebonyea? Nikajibu bila kupepesa, kiwanda kimebadilisha umbo. Akacheka, eti mambo ya kisasa. Akaliandika na hilo kwenye daftari.



Alhamisi, 9 Mei

Jana nilivitupa vilivyobaki. Leo Shangazi karudi, friza tupu. Nikamwambia umeme ulikatika, vikayeyuka, nikatupa vyote kama karatasi inavyosema.

Akanikumbatia, akasema: Mwingine angegandisha tena akauza, lakini wewe ni damu yangu kabisa. Kaniletea kitambaa cha gauni kutoka safarini. Kizuri, cha rangi ya zambarau. Nimekisukumia chini ya kitanda, sitaki hata kukiona.

Vya friza nimetupa. Vya Mwalimu je? Namba yake ninayo, simu ninayo, vocha ninayo. Kinachokosekana ni mimi.

Jumapili, 12 Mei

Mwalimu kapiga simu. Bwana Mkubwa hajala kitu tangu juzi. Tumbo limevimba, amejibanza kwenye kona ya tangi, hata ukigonga kioo hageuki. Nimekosea wapi, Profesa?

Nikamwambia asimpe chochote siku tatu, abadilishe maji kidogokidogo, na zile pakiti aziweke kando. Kwa nini aziweke kando? Basi tu, nikasema, tumbo lipumzike. Ushauri wenyewe ni sahihi, mtoa ushauri ndiye muongo. Akanishukuru, akaniombea dua juu.

Alipokata simu nikajipiga kofi. Kweli nimejipiga, mpaka Shangazi akauliza, mbu?

Jumatano, 15 Mei

Amekufa.

Ijumaa, 17 Mei

Kaja saa nane na nusu. Kofia mkononi, kasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Shangazi akampa pole, akamvutia kiti, hakukaa. Akasema yule samaki aliletwa na marehemu mkewe, akiwa mdogo kama kidole, mwaka ule ule mke huyo alipoanza kuugua. Kumbe! Miaka yote nilidhani ni mapenzi ya samaki tu.

Akanipa daftari. Soma lote, Profesa, uniambie nilipokosea. Usinionee huruma, mimi darasa la tano sikukuonea. Kisha akaenda duka la dawa kuchukua vidonge vyake vya presha. Saa kumi anarudi.

Nimesoma lote. Mwandiko uleule wa ubaoni, kila siku na chakula chake. Kamba wawili. Minofu kipande. Leo amekula kwa furaha. Halafu tarehe saba: *Pakiti mpya. Zimebonyea. Profesa anasema ni kiwanda.* Yote yako hapo! Mistari yenyewe haijai hata vidole viwili, na mwalimu aliyekuwa akiona nukta iliyokosewa kutoka nyuma ya darasa hakuiona. Hakuiona kwa sababu ni mimi niliyesema.

Na ukurasa wa mwisho. Kachora mstari kwa rula, chini yake kaandika: *Kosa langu:* — na nafasi tupu. Kaniachia mimi nijaze.

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Ningeweza kuandika ni maji. Ningeweza kuandika ni uzee, miaka kumi na moja si haba. Ataamini. Ataenda nalo nyumbani, atakaa mbele ya lile tangi na kosa nililomwandikia.

Shangazi yuko kaunta, hatua tatu kutoka hapa. Nikisema, anasikia. Uongo wa umeme, kitambaa cha zambarau na kila kitu.

Nimelikata kwa kalamu neno *langu*. Mkato mmoja. Sijaandika kitu juu yake.

Saa kumi kasoro dakika tano. Namwona ng'ambo ya barabara, anangoja magari yapite. Shangazi keshamwona, anampungia mkono, ananiambia, haya, Profesa wake, mgeni wako huyo. Anavuka —