Abode Yako Haiko Nkanka Tena

Papa Furaha, uliye mbali na sisi,

Unakumbuka uliposimama juu ya kiti, brashi mkononi, ukaandika ABODE juu ya mlango wetu kwa rangi ya bluu? Mikono yangu ilikuwa bado inawasha kwa simenti. Wewe uliileta kutoka Muganza, mimi nikapiga lipu nyumba nzima, na mimba ya Furaha ya miezi saba. Nikauliza, "Sasa hiyo ni nini?"

Ukacheka. "Kizungu cha ofisi, maman. Nyumba, hata kuku iko nayo. Abode ni ya muntu mwenye heshima."

Ukanifundisha kuisoma, kidole chako juu ya changu, herufi moja moja. Nilikupenda siku ile. Nakwambia ili ujue ulichotupa.

Furaha akiwa na miaka minane, ukavuka ziwa kwenda Bukavu kununua vitenge. Siku tatu, ulisema. Leo ni miaka sita. Kwamba una mwanamke mwingine kule, niliambiwa na wauza samaki wa sambaza, sokoni, mbele ya watu.

Sasa umemwandikia mkubwa wa mudugudu, kijiji chetu. Unataka karatasi isemayo hujahama, ili nyumba igawanywe, upate nusu, umweke yule mwanamke kwenye lipu yangu. Barua yako ilisomwa Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tumekaa kwenye majani, matope miguuni. Ukachomeka na neno lako: eti hapa ndipo "abode" yako. Mkubwa akakwama.

"Hii ni nini tena?"

Watu wakanigeukia. Mimi niliyeishia darasa la tatu nikasimama.

"Ni pahali muntu anaishi," nikasema. "Kuandika ku mlango haitoshi. Ni pahali analala, anaamka, na akitoka anarudi."

Furaha alikuwa amekuja na kamusi yake ya shule. "Ni vile, maman. Na muntu asiye na kwao, wazungu wanaandika kwamba hana abode."

Mkubwa akauliza, "Nani aliona Papa Furaha analala hapa hii miaka sita? Anyooshe mukono."

Hakuna mkono. Hata Mzee Kaposho, uliyekuwa ukinywa naye urwagwa, pombe ya ndizi, kila Jumapili, alitia mkono wake mfukoni. Ndipo jirani yetu Maman Neema akapaza sauti: "Mimi nilimuona! Ku ndoto! Na kule pia alikuwa anaondoka!"

Walicheka mpaka majembe yakaanguka. Nilicheka nao, nikalia, nikacheka tena. Wote walitia sahihi kwamba huishi hapa. Mimi sikutia dole gumba. Niliandika jina langu, kwa zile herufi ulizonifundisha wewe.

Nilifurahi, Mungu anisamehe, na ningependa ungekuwepo uone. Naomba siku moja wakupe karatasi, wakuulize unaishi wapi, kalamu ikukwame mkononi.

Kifua chako cha kukohoa bado kinanisumbua mawazoni mvua ikinyesha. Sijui kama yule anakupaka mafuta ya ng'ombe. Sweta yako ya kijani nimempa Mzee Kaposho. Inamkaa vizuri kuliko wewe.

Neno lako sikulifuta. Nilipanda kiti kilekile, nikaandika jina langu juu yake, rangi mpya. Ukipita Nkanka, lisome ukiwa njiani. Hodi usipige.

Mama ya binti yako,
Abode: Nkanka.