Kirungu Kiko Kulia

Kaka Godi,

Shikamoo. Najua ulikuwa huitaki. Kila nilipokuamkia mbele ya wenzako ulinikata jicho, ukasema shikamoo zangu zinakuzeesha. Sasa huna pa kukimbilia, Kaka. Itikia.

Nakuandikia hapa dukani, nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya mabeseni. Ni zile saa za mchana Kariakoo inapopoa kidogo. Mama ameenda kwa jirani kula, na feni bado inapiga kelele ile ile uliyosema utaitengeneza. Mama anaendelea, tunamshukuru Mungu. Ila akitaka sufuria ya rafu ya juu bado anaita "Godi!" kisha ananyamaza, na mimi napanda juu ya kreti namshushia. Hatujawahi kulizungumzia.

Nina jambo kuhusu boksi lako. Nimekaa nalo tangu tukuzike, na hakuna mwingine wa kumwambia ila wewe.

Kwanza, siku ya kuanua matanga ulikosa kichekesho. Tulikuwa nyumbani Kilimanjaro, wazee wote wamekaa uani, kibuyu cha mbege kinazunguka, na Baba Mdogo anatoa vitu vyako kwenye begi kimoja kimoja na kutaja anayepewa. Koti alichukua mwenyewe, wala hakuona haya. Viatu vikaenda kwa binamu. Kisha akaingiza mkono akatoa stiki yako, lile boksi la mbao lenye kirungu chekundu na batani zake nane. Akaligeuza. Akalipuliza vumbi. Kaka, akaliweka sikioni!

"Na hii ni nini? Redio?"

Nikasema ni ya kuchezea gemu, Baba Mdogo, gemu za kupigana. Wazee wa kwetu wameshagawa mashamba ya kahawa, ng'ombe, na mikuki ya mababu, lakini kitu kama hicho hakijawahi kupita mikononi mwao. Baba Mdogo akakohoa, akatumia sauti ile ile aliyotumia kwenye koti: "Anjela, hiki ni cha kaka yako. Tunakukabidhi. Utakitumia kama yeye alivyokitumia." Nikapiga goti, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ndiyo. Mama alikuwa ananitazama. Unayajua mambo ya kwetu, ukishapokea hivyo mbele ya ukoo hakuna tena kusema ulikuwa unatania.

Na mimi ni mtu wa padi, kile kidude cha kuchezea cha kushika mikononi. Unajua vizuri, maana ndiyo tuliyobishania miaka yote pale kwa Rama, kwenye kibanda chake cha gemu. Mimi nikisema padi inaingia kwenye mkoba, haipigi kelele, na kidole gumba changu kinajua njia. Wewe ukisema gumba langu litaota sugu, na kwamba kwenye stiki unacheza kwa kiganja na vidole vyote, unasikia kirungu kinagonga kila kona, ukikosea unajua ulipokosea. Kwenye kona za mshazari hoja yako ilinishinda, kwenye kukimbia yangu ilikushinda. Lakini vijana walipokuja kukuuliza wanunue ipi, hukuwahi kuitetea stiki. Uliwapa zote mbili wajaribu. "Kaeni mcheze, vidole vitawaambia." Nilikuwa nakuona mnafiki.

Tena hata kama ningekuwa mtu wa stiki, ya kwako ni kesi nyingine. Stiki zote duniani kirungu kiko mkono wa kushoto na batani kulia. Ya kwako kirungu kiko kulia.

Nilikuwepo tulipokwenda kuichukua Magomeni kwa Fundi Saidi, yule mzee wa Lindi anayetengeneza vitanda na makabati. Ulimchorea kila kitundu kwenye karatasi ya manila, vipimo vyote sawasawa. Yeye, kwa kuuhurumia ubao wako usichafuke usoni, akaibandika ile karatasi upande wa chini na kutoboa kutokea huko. Ubao ulipogeuzwa juu, kirungu kikawa kimehamia upande wa pili. Uliutazama muda mrefu. Nilikuwa nimeuma kanga ili nisicheke. Kisha ukampa mkono, ukamwambia, "Fundi, umeua! Hujakosea hata nywele!"

Nilicheka kutoka Magomeni hadi nyumbani Mchafukoge, na wewe unaniambia nyamaza. Nilijua utarudi kesho yake. Hukurudi. Ulikaa nayo hivyo hivyo, ukachapwa na kila mtu miezi na miezi, hata watoto wa shule ya msingi wakapanga foleni kuja kukuchapa. Halafu mkono ukazoea, na ukaanza kuchapa wewe. Watu wakasema Godi ana staili yake. Rama akasema ni mbwembwe, na mimi nikasema ni ukaidi, maana wewe kukubali kosa ilikuwa shughuli. Vijana wawili wakaenda kwa Fundi Saidi kuagiza zenye kirungu kulia kama ya bingwa. Mpaka leo wanateseka nazo.

Basi. Ulipoondoka, timu yenu ikabaki na pengo. Kulikuwa na mashindano Upanga ya timu za watu watatu, na Rama akaja dukani akasimama kati ya ndoo na mabeseni akasema, "Anje, nafasi ya Godi ni yako. Na stiki yake uje nayo, watu waione." Mama akasikia. Akatabasamu, na alikuwa hajatabasamu siku nyingi. Ningekataaje?

Nikaanza mazoezi na stiki yako. Kaka, ni aibu ambayo sitaki kukueleza yote. Mkono wa kulia nikiutaka uzungushe kirungu, wenyewe unataka kupiga. Wa kushoto umelala juu ya batani kama wa mtu mwingine. Rama alikuwa ananichapa huku anakula chipsi. Wenzetu wakawa wanatazama pembeni kwa heshima ya msiba, na hiyo iliniuma kuliko kama wangenicheka. Nikirudi nyumbani Mama anauliza, "Boksi la kaka yako linaendaje?" Namwambia linaenda vizuri. Nilijua nikicheza nalo tutatolewa asubuhi na jina lako juu yake. Nikiliacha nimewasaliti wazee, na Mama, na wewe.

Siku moja nikafungua skrubu nilipulize vumbi. Kitu cha kwanza nilichokuta ndani ni ubongo wa padi yangu ya zamani, ile ya bluu niliyoitafuta nyumba nzima! Waya zote za batani umeziunga humo. Mwizi wewe. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikaendelea kupuliza vumbi. Na hapo ndipo nilipouona ule ubao vizuri. Fundi aliutoboa kwa chini. Kwa hiyo ukiugeuza tu, chini ukawa juu, kirungu kinarudi kushoto na kila kitundu kinakaa mahali pake. Ni kazi ya mchana mmoja. Wewe uliyekuwa unafungua simu za watu kwa kujifurahisha, haiwezekani hukuliona.

Nilikukasirikia, Kaka, sikufichi. Nikasema mtu ameshakufa na bado ananitesa kwa ukaidi wake. Nikaugeuza. Rama akanisaidia kuunga waya. Ikakubali, na mkono wangu ukaanza kuelewa siku ile ile. Sikuwa wa kutisha, lakini mtu angeweza kunitazama. Rama akaacha chipsi.

Ila ulipokuwa unaweka kiganja, ubao ulikuwa umeingia weusi na kulainika. Sasa upande huo ulikuwa umeangalia ndani, gizani, pamoja na waya. Mimi nimeshika mbao mbichi. Nilijaribu kutoufikiria.

Tundu moja la skrubu lilikuwa limelegea, nikaenda Magomeni kutafuta skrubu nene kidogo. Boksi nimelitia kwenye mfuko. Fundi Saidi alikuwa na mteja wa kitanda. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono akanipa pole kwa muda mrefu. Kisha, kabla sijafungua mfuko, akamgeukia mteja wake akamwonyesha ukutani. Kumbe ulimpa picha yako. Umekaa, boksi liko mapajani, umekenua meno yote.

"Huyu ndiye yule bingwa ninayekwambia. Stiki yake nimemkatia mimi. Mwenyewe aliniambia, Fundi, hujakosea hata nywele."

Mteja akatikisa kichwa kama watu wanavyofanya wakisikia jambo kwa mara ya pili. Fundi akaniambia, taratibu, "Mwanangu, kipindi kile macho yalikuwa yameanza kunichezea. Kila kazi inarudi. Kabati halifungi, stuli inayumba. Nilikuwa nishawaambia wanangu nauza vifaa narudi Lindi. Ya kaka yako ndiyo ya kwanza ambayo haikurudi. Nikajipa moyo, nikaenda kutafuta miwani."

Nilisimama pale na mfuko wangu. Nikamwambia nataka skrubu za kabati la Mama. Akanipa, akakataa malipo.

Hukuniambia, Kaka. Miaka yote ile mimi nakutania na wewe unaniambia nyamaza tu. Ulikubali kuchapwa na watoto wa shule. Ningekuwa mimi, ningemrudishia mzee wa watu ubao wake mbele ya wateja wake, tena kwa haki yangu kabisa. Ukaidi nilioutangaza mtaa mzima haukuwa ukaidi. Nimekuomba radhi njiani, kwa sauti, na mwenye bajaji akadhani naongea na simu.

Nilipofika kibandani nikaurudisha ubao kama ulivyokuwa. Rama nusura anipige. "We Anje umechanganyikiwa? Si ilikuwa imeshakaa?" Nikamwambia Godi aliiacha hivi. Akaona ni mambo ya msiba, akaniacha. Asubuhi ya mashindano nikatia padi kwenye mkoba, na boksi nikalibeba kwapani. Mama akavitazama vyote viwili.

Ukumbi wa Upanga ulijaa. Na nani amekaa mstari wa mbele kati ya vijana wenye kofia za kugeuza? Fundi Saidi, na kanzu yake na miwani yake. Rama alimwalika bila kuniambia. Nikakaa, nikaliweka boksi mapajani kama ulivyokuwa unaliweka, nikashika padi juu yake. Ilibidi, maana kwa boksi tungetolewa. Nikacheza na yule jamaa mrefu wa Sinza aliyekuwa akikusumbua, na nikamshinda, kwa shida, raundi ya mwisho, damu yangu kwenye skrini imebaki kidogo sana. Gumba liliniuma. Mikono yangu ilikuwa imekaa juu ya ule weusi wa kiganja chako.

Watu wanashangilia, na mimi namwona Fundi anakuja. Hakunipongeza. Aliinama akagusa kingo za boksi, akapapasa skrubu moja moja, uso umeingia hofu.

"Mwanangu, mbona hulitumii? Limeharibika? Nimekosea mahali?"

Rama alikuwa nyuma yangu na anajua kosa liko wapi. Nilimkanyaga mguu, kwa nguvu. Nikamwambia, "Fundi, hili boksi halina kosa hata nywele. Ulilikata kwa kipimo cha mkono wa Godi. Mimi wangu haujalifikia, ndiyo maana nimekuja na padi."

Hofu ikamtoka. Akanyooka, akamgeukia kijana asiyemjua kabisa, akamwambia, "Unaona? Nilimkatia kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe."

Hapo ndipo sauti ya Baba Mdogo iliponirudia, na yale maneno ya uani. Utakitumia kama yeye alivyokitumia. Kaka, nikaona ndivyo nilivyokitumia muda ule, nikalia pale pale mbele ya watu, na Rama akatangaza kwamba ni furaha ya ushindi.

Mchezo uliofuata tulichapwa. Usitegemee nikudanganye. Rama amenuna bado, zaidi kwa sababu ya mguu. Nyumbani nilimweleza Mama yote, ya Fundi na ya padi, na yeye akasikiliza hadi mwisho, akafuta boksi kwa upindo wa kanga, akaliweka juu ya kabati la sebuleni, upande uliokuwa unaweka vitu vyako. Akasema, "Alikuwa hivyo tangu mdogo." Akaenda kupika.

Sasa Mama anarudi, namwona anavuka barabara na kichupa cha chai yangu, kwa hiyo nimalize. Padi nitaendelea nayo, vidole vimeshaniambia. Lakini Jumapili tukitoka kanisani nitakuwa nashusha boksi lako na kujifunza kwa mkono huu wa kulia, taratibu, nichapwe na watoto wa shule kama wewe. Feni nayo nitaitengeneza. Na nikija nyumbani Desemba nitakaa kaburini kwako nikueleze nilipofikia.

Pumzika, Kaka yangu. Skrubu nimezikaza zote. Fundi Saidi akiwa hai, na hata baada yake, hakuna atakayeugeuza ubao wako. Kirungu nimekiacha kulia.

Mdogo wako,
Anjela