Miwa ya Siku ya Tatu

Minxiong, Chiayi,
Taiwan.
26 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Hsiu-chin,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu na mvua za Ipoh hazikuzuii kwenda sokoni. Huku sisi ni wazima. Baba anakohoa kidogo kwa vumbi la mashine ya mpunga. Bibi yuko imara. Juzi alipanda ngazi kuchuma papai, akamgombeza aliyemshikia ngazi, yaani mimi.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi husema "ndiyo" na "asante", kisha nampa Baba. Kwenye karatasi naweza kumaliza ninachotaka kusema.

Kama ulivyosikia, Dada Pei-shan anaolewa Jumapili tarehe 30 Novemba na Shemeji Bo-ting, fundi pikipiki. Hawana fedha nyingi, lakini wameamua kwenda fungate ya miezi mitatu nchi za nje: kwenu Ipoh kwanza, kisha Thailand, Laos na Vietnam. Hawakodi ukumbi, fedha ya ukumbi ndiyo nauli. Watapanda mabasi na treni za usiku ili wasilipie vyumba, na mwezi mzima watakaa Chiang Mai kulisha paka wa mtu aliyesafiri. Bo-ting amenunua jiko la umeme la kupikia wali, dogo hata linaingia kwenye begi la mgongoni. Bibi alipoliona alisema, "Hii ni fungate au mnahama?"

Mpangaji wa safari ni mimi, kwa kuwa ndimi msomaji wa nyumba hii. Nimemaliza vitabu vyote vya safari vya maktaba ya shule. Ramani iko ukutani chumbani kwetu. Dada hulala kitanda cha chini na mimi cha juu, na tangu Agosti tunatajiana majina ya stesheni mpaka mmoja wetu asinzie. Sijui Desemba nitamtajia nani.

Sasa nikuambie kosa langu. Nilipata tiketi za bei ya chini sana, za Jumanne alfajiri, zisizorudishiwa fedha. Nilifurahi mno, nikamwita Dada, akalipa palepale. Jioni Bibi alisimama mbele ya kalenda yake ya ukutani, akahesabu kwa kidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne.

"Siku ya tatu bibi harusi hurudi kwao kula," alisema. "Siku hiyo huyu atakuwa wapi?"

"Angani, Bibi," nikajibu.

"Haya. Nitayapikia mawingu."

Dada alicheka, akasema hayo ni mambo ya zamani. Lakini baadaye nilimwona akiosha bakuli moja kwa muda mrefu. Na mimi, Shangazi, nimeingojea siku hiyo tangu walipochumbiana. Ndiyo siku anayorudi kwetu mara ya kwanza kama mgeni, anakula mezani petu, kisha tunamsindikiza vizuri kabla jua halijazama. Kwa kuwa hatuna kaka wa kwenda kumwita, mimi ndiye ningekwenda. Siku hiyo nimeiuza kwa tiketi rahisi.

Ndipo nikakumbuka kuwa Jumanne hiyohiyo, saa kumi alasiri, watashuka kwenye treni Ipoh. Wewe ni dada yake Baba. Nakuomba nyumba yako iwe kwao kwa siku hiyo moja. Wapikie, ukae mahali ambapo Mama angekaa, na jua likikaribia kuzama uwatoe nje. Najua tulikuomba wakae kwako wiki nzima, na bibi harusi halali kwao siku hiyo. Nilimwuliza Bibi. "Wazunguke mtaa mara moja na mizigo yao," alisema, "halafu wabishe hodi kama wageni wa shangazi." Bo-ting anasema begi lake lina kilo kumi na tano, anaomba mtaa wenu uwe mfupi.

Bibi hajui kuwa nakuandikia haya yanayofuata. Nilipomweleza wazo langu aliacha kumenya vitunguu saumu, akasema, "Hsiu-chin hakurudi siku yake ya tatu."

Nilichokijua ni kwamba uliolewa miaka ishirini na minane iliyopita bila ridhaa ya Babu, naye akakukataza kukanyaga hapa. Nilijua pia kwamba alipofariki ulikuja kumzika, ukalala hotelini. Nilidhani ni kwa sababu nyumba ilijaa. Haya mengine sikuyajua.

"Nilipika," alisema Bibi. "Nyama ya bata bukini na supu ya machipukizi ya mianzi. Babu yako aliniona, hakunizuia. Chakula kilikaa mezani mpaka giza. Hata yeye hakukigusa."

Jana alinichukua kwenda shambani kwa Mzee Liao kumchagulia Dada miwa, ile jozi yenye mizizi na majani anayopewa bibi harusi akirudi kwa mumewe. Haiwezi kupanda ndege, lakini Bibi anataka iwepo. Alifunga jozi moja utepe mwekundu. Akasogea hatua chache, akafunga jozi ya pili. Nikamwuliza hiyo ni ya nani.

"Liao huuza jozi mbilimbili," alisema bila kunitazama.

"Nani, mimi?" akauliza Mzee Liao.

"Wewe nyamaza."

Nisalimie mumeo, Mjomba Keong, na binamu yangu Mei Fong. Baba na Mama wanakusalimu. Bibi hakutuma salamu, maana hajui kuwa naandika leo; nadhani utepe ule ndio salamu zake. Asubuhi nimechoma ubani mbele ya picha ya Babu, nikakuombea afya na njia iliyo wazi.

Jozi ya pili nimemsihi Mzee Liao asiikate. Nitakuwa naimwagilia maji kila nikitoka shule. Ukija, Shangazi, njoo mchana, wakati wa chakula.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata kabla ya kukuzoea,

Tsai Yu-han