Pua ya Mama

Moshi, 6 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na baridi ya Rangwi. Naandika kwa kuwa simu yako haipatikani. Hapa karakana sasa wananifundisha kuchanganya mafuta ya manukato. Harufu ya juu ni limau, inatangulia na kupotea upesi. Ya kati ni waridi. Ya chini ni ya mti wa sandali, hiyo inabaki kwenye nguo hata kesho yake. Mchanganyiko wangu wa kwanza ndio huo kwenye chupa niliyompa kondakta wa basi akuletee. Tajiri ataupima mwisho wa mwezi, aamue kama nitabaki. Nusa wewe kwanza. Pua yako ndiyo iliyonifundisha majani yote ya shambani. Niambie ukweli.

Mwanao, Yudith

Rangwi, 14 Mei 2024

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Sijambo, mahindi yamestawi. Kondakta alinifikishia chupa. Nimejipaka mkononi. Limau limetangulia kama ulivyosema, kisha waridi, na hadi jioni sandali bado ipo. Usibadilishe kitu.

Mama yako

Moshi, 20 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Leo nikipanga rafu nimekuta mchanganyiko wangu bado uko hapa. Kumbe nilikosea chupa, nikakutumia mafuta matupu ya alizeti yaliyosafishwa, hayana harufu yoyote. Ulinusa nini, Mama? Siulizi kwa ubaya. Nina hofu tu.

Mwanao, Yudith

Moshi, 8 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Tajiri ameukubali mchanganyiko, nimebaki kazini. Nijibu basi, hata mstari mmoja.

Mwanao, Yudith

Rangwi, 23 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Mwili mzima. Nimechelewa kwa aibu. Tangu yale mafua ya Januari sinusi kitu. Pasaka padri alipita na ubani, nikaona moshi tu. Maharage yameniungulia mara mbili nimekaa papo hapo jikoni. Sikukuambia kwa sababu, zaidi ya harufu, hakuna kingine ulichokuwa bado unaniuliza.

Kuna jingine. Shati la marehemu baba yako nililiweka sandukuni bila kulifua, miaka mitatu hii. Kila Jumapili nikitoka kanisani nalinusa, nakaa naye kidogo. Baada ya mafua nikawa nafungua sanduku, hakuna mtu. Juzi nimelifua. Nilikuwa nalikamua ndipo nikakumbuka kwamba wewe bado unanusa, na yeye alikuwa baba yako.

Nisamehe.

Mama yako