Ndege Niliyoikatalia Saini

Jumatatu, 15 Septemba
Kiwanjani tangu asubuhi. Nimefukuza ng'ombe kwenye njia ya kurukia, kisha nimefungua gurudumu la kushoto la ndege ya Mathayo, mnunuzi wa pamba. Breki inavuja. Mpira wa ndani ya breki, unaozuia mafuta, umekwisha. Nimemwambia mpya utoke Mwanza, na kabla ya hapo sitii saini kwenye kitabu cha ndege. Bila saini yangu isiruke. Amenicheka mbele ya rubani. Anasema pamba ya Lalago haisubiri mpira. Tangu ununuzi uachiwe watu binafsi, kila mwenye mizani anajiona waziri. Simpendi. Ila ndiye pekee mwenye ndege huku, na shirika la ndege lilishanipunguza kazini.

Jumanne, 16 Septemba
Wameruka hivyo hivyo. Kwenye kutua breki ikakataa, ndege ikapinda, ikatoka njiani. Ikamkuta Limbu, wa kijiji cha Ngulyati, akisukuma baiskeli yake. Mguu. Sitaki kuandika nilichokiona. Tulimpakia kwenye pikapu hadi hospitali. Mathayo njia nzima analalamikia bawa la ndege lililovunjika.

Alhamisi, 18 Septemba
Limbu amekatwa mguu, juu ya goti.
Mjini wanasema fundi ndiye aliyeharibu. Mke wangu Kabula kaambiwa hivyo sokoni, usoni kabisa. Najua nani anaeneza.
Nikiwa shirikani, bima ilikuwa ya shirika. Sikuwahi kuiwaza. Nilipopunguzwa nilikwenda Mwanza, kwenye hizi kampuni mpya za bima. Wanakatia magari, maduka, viwanda vya pamba. Fundi wa ndege wa kujitegemea, akiumiza mtu alipiwe? Karani aliita wenzake waje kunitazama. Mathayo akaniambia nisihangaike, nimo ndani ya bima yake. Nikaamini. Mjinga mimi.

Jumapili, 21 Septemba
Mathayo amekuja nyumbani. Hakukaa. Anataka nitie saini sasa, kwa tarehe ya Jumatatu, kana kwamba niliipitisha ndege. Bila saini ya fundi bima hailipi chochote. Si ndege, si mguu wa Limbu.
"Na nikitia?"
"Limbu atalipwa."
"Na mimi?"
"Wewe tutaona."
Naijua hiyo tutaona. Bima ingelipa, halafu ingenigeukia mimi niliyepitisha breki mbovu. Leseni ingekwenda. Nyumba ingekwenda. Nimo ndani ya bima yake kama mbuzi alivyo ndani ya tumbo la fisi.

Jumatano, 24 Septemba
Kaka yake Limbu, mzee Maduhu, amekuja. Mwangaluka zote, salamu zetu za Kisukuma, taratibu, mpaka za watoto. Nikamweleza kila kitu, hata la saini. Akasikiliza mpaka mwisho.
"Huyo Mathayo ana kwao kwingine," akasema. "Wewe tunajua unapolala."
Hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kushika.
"Mdogo wangu ana watoto, fundi. Tia saini."
Kaondoka bila kugusa uji wa Kabula.

Ijumaa, 26 Septemba
Mkaguzi wa bima katoka Mwanza, mama mmoja, Bi Rehema. Tumesimama naye kiwanjani, mimi na Mathayo.
"Fundi, uliipitisha ndege hii?"
Nilikuwa sijaamua. Naapa. Nilikuwa namfikiria Limbu. Ndipo Mathayo akaniwekea mkono begani, kama tumenyonya ziwa moja.
"Hapana," nikasema. "Niliikatalia. Na huyu alijua."
Kaniita nyoka. Nimefurahi sana. Lakini niandike ilivyo: sikusema kweli kwa kuipenda kweli. Ni ule mkono.

Jumamosi, 4 Oktoba
Bima imekataa. Mathayo halipwi. Limbu naye halipwi.
Mathayo kafunga ghala, kaondoka. Watu wa Ngulyati wakaseme na nani? Ndege imelala kiwanjani, bawa chini, kunguru juu yake.
Nimeshinda. Leseni yangu safi, na hakuna ndege ya kutengeneza. Kabula ananipakulia chakula na kwenda kukaa nje. Leo gulioni nimesalimia watu watatu, wakatazama vitunguu. Namchukia Mathayo. Namchukia Bi Rehema na upole wake. Namchukia hata Limbu, kwa nini alipita pale. Hili la mwisho ni aibu. Lipo.

Jumatano, 15 Oktoba
Maduhu kaonekana barabarani. Nilishuka kwenye baiskeli kwa heshima. Kapita.

Jumatatu, 10 Novemba
Mvua ya kulimia imeshika. Nimeazima maksai wa shemeji na plau, nikaenda Ngulyati. Sikumuaga mtu.
Mke wa Limbu alikuwa shambani na jembe la mkono, mtoto mgongoni. Nilisalimia, akaendelea kulima. Nikafunga plau, nikaanza upande wa barabara. Udongo mweusi, mzito, unang'ang'ania viatu. Nikavivua. Limbu alikaa mlangoni, magongo yameegemea ukuta. Akatazama tu.
Nilipomaliza kipande cha kwanza, mke wake akaja mpaka karibu na ng'ombe. Akanyoosha mkono kunionyesha shamba lao linapoishia.
Nikageuza ng'ombe.