Majibu Niliyotuma kwa Jina la Baba

Jumatatu, 7 Julai
Saa kumi na mbili asubuhi. Chai, dawa ya presha, kisha fumbo la siku kwenye simu. Maneno kumi na sita ya michezo, makundi manne ya maneno manne manne. Ukikosea mara nne linajifunga mpaka kesho. Liko kwa Kifaransa. Baba aliamua mechi kwa Kifaransa hapa Kasongo karibu maisha yake yote, kwa hiyo mimi nasoma, yeye anapanga.

Leo amepata kundi moja: filimbi, kadi, saa, sarafu. Vitu vya mwamuzi. Baadaye akaweka kengele ya ndondi pamoja na mlingoti wa goli. Nilimuuliza sababu. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye sijaelewa.

Nimemaliza mwenyewe. Nimetuma miraba ya rangi, ile inayoonyesha matokeo, kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. «Baba, bila kosa.»

Jumanne, 8 Julai
Makosa manne. Limejifunga. Nimelifungua upya kwa simu ya dukani, nimetuma majibu yangu kwa jina lake. Ninafanya hivi tangu Aprili.

Sababu niiandike. Tulipomzika Mama, Yaya Sumaili, kaka yangu mkubwa, alisema: siku akili ya mzee itakapoanza kupotea, atakuja kwangu Kabambare. Wote walikubali. Mimi ni mjane, binti yangu ameolewa Kindu. Sitaki nyumba tupu. Sina sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo.

Alhamisi, 10 Julai
Yaya amepiga simu. Jirani wa shamba letu la Kabambare anadai michikichi yote ya upande wa kijito. Shefu wa kijiji atasikiliza kesi Jumatano. Kila ukoo unaleta shahidi mmoja tu, aliyekuwepo siku mpaka wa shamba ulipowekwa. Kwetu wamebaki wawili, Baba na shangazi Mwavita.

«Nilitaka kumwita shangazi,» alisema. «Lakini muzee iko na akili kutupita sisi wote. Kila asubuhi tunaona.»

Nikasema ndiyo. Mara mbili.

Familia ya Yaya inakula kwa mafuta ya michikichi ile. Watoto saba.

Jumapili, 13 Julai
Nimemketisha Baba, nimemuuliza mpaka wa shamba unapita wapi. Ameanza vizuri: mianzi, jiwe lenye ufa, kijito. Nikafurahi. Nikamwambia arudie. Mianzi, jiwe, halafu akauliza kama timu zimeshafika.

Rezo ya simu ilikuwapo siku nzima. Sikumpigia Yaya. Fumbo la leo nimelituma saa moja. Bila kosa.

Jumanne, 15 Julai
Tumesafiri kwa pikipiki mbili. Baba nimemfunga kwa kitenge mgongoni kwa dereva wake asianguke akisinzia. Vumbi mpaka kooni. Tumefika saa kumi na moja jioni.

Yaya amechinja kuku. Wajukuu wamemzunguka: «Babu, tupangie fumbo la leo.» Amewachekesha kwa hadithi ya kipa aliyekimbia nyuki na mpira mkononi. Hadithi hiyo haijampotea. Yaya alinitazama kwa furaha.

Yaya alipokwenda kutawadha nilimfuata ili nimwambie. Nilichosema ni kwamba Baba amechoka na safari. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 16 Julai
Naandika nikiwa bado na matope miguuni.

Desturi ya hapa: shahidi anatembea mbele peke yake, watu nyuma. Anaposimama, panapigwa kigingi. Mtu wa ukoo wake akifungua mdomo kabla shahidi hajarudi alipoanzia, ukoo umeshindwa.

Baba alianza kwenye mianzi. Sawa. Alifika kwenye jiwe. Sawa. Yaya aliachia pumzi. Hapo ilibidi ashuke kijitoni. Hakushuka. Aligeuka kushoto, akanyoosha mgongo, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, kwa Kifaransa. Alipita katikati ya michikichi yetu. Mwisho wa hesabu akasimama, akachora robo duara ardhini kwa kisigino. Kona. Akageuka tena, pembe kamili, akahesabu tena.

Alikuwa anakagua uwanja.

Nilijua kuanzia hatua ya kumi. Nilibana kitenge kwa meno. Yaya alinigeukia mara moja tu, na kwa sura yangu akaelewa kila kitu. Vigingi vilipigwa. Michikichi thelathini na miwili ikabaki nje.

Mtoto wa jirani akacheka: «Arbitri amepuliza filimbi. Mechi imekwisha.» Shefu alimkemea, lakini aliuandika mpaka huo. Baba alirudi kwenye mianzi akatuambia uwanja ni mzuri, majani tu yakatwe.

Ijumaa, 18 Julai
Nimemwambia Yaya yote. Aprili, simu ya dukani, miraba. Hakupaza sauti. Ningependa apaze.

«Ungeniambia, ningemuleta shangazi.»

Nikasema najua.

«Wewe uliona ninataka kukunyang'anya baba. Mimi nilitaka apumzike.» Kisha: «Dada, hata watoto niliwaambia wamwige.»

Baba anabaki hapa. Sikubisha. Haki ya kubisha niliitumia vibaya muda mrefu. Mke wa Yaya, Mama Furaha, ameniuliza dawa zake na saa zake. Nimemwandikia karatasi nzima, pande zote mbili.

Jumapili, 20 Julai
Kasongo. Wakati wa kuondoka Baba aliniambia nisichelewe shule.

Jumatano, 23 Julai
Hakuna wa kumpikia uji. Nimepika wa watu wawili, nimemwaga nusu. Fumbo nimeliona, sikulifungua. Kundi la ukoo liko kimya. Shangazi pekee ameandika: «Mungu ni mkubwa.» Sijui kama ananifariji au ananilaumu. Yote mawili ni haki yake.

Jumatatu, 28 Julai
Upepo wa kiangazi. Nimefagia chumba chake, nimekunja shuka.

Saa kumi alasiri Mama Furaha amepiga. Baba amekula ugali na sombe ya majani ya muhogo, akamaliza. Anatembea uani. Presha iko sawa. Halafu akasita. Akasema kuna kitu hajui kama afanye vizuri au vibaya: tangu juzi mzee anamwita kwa jina langu.

Nimemwambia aitike.