Uongo wa Siku ya Posa

Keza mjukuu wangu,

Hapa Kabeza tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na bado ananishinda kwa kelele.

Unauliza kama uache fasihi usome falsafa, kwa sababu eti hadithi ni uongo. Nilipokuwa na umri wako nilisema hivyo hivyo, tena mbele za watu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe mwaka ule, tukaenda kumposea kaka yangu mchumba. Desturi yetu unaijua: msemaji wa upande wa binti hutunga kisa cha kutukatalia, nasi tunamjibu kwa kisa. Mzee wao akadai kwamba babu yake aliwahi kuomba maji kwetu akafukuzwa. Mimi, kichwa kimejaa vitabu vya falsafa, nikasimama: "Uongo! Thibitisha!"

Kaka yangu akainamisha kichwa.

"Kijana," mzee akasema, "mmekuja kuoa au kushinda kesi? Haya, tuseme ni uongo. Lakini angekuja kweli, mgeni mwenye kiu, ungemfanyia nini?"

Ndipo nilipoelewa alichokuwa akiuliza tangu mwanzo: binti yetu mtampokeaje?

"Ningempa kiti changu," nikasema.

"Basi mpe mjukuu wake. Nimechoka kusimama."

Watu wakaangua kicheko, na binti tukapewa.

Nimebishana na wengi tangu siku ile, lakini bado najiuliza: lile swali lilikuwa falsafa au hadithi? Ukipata jibu niandikie, nami nitakupinga.

Babu yako